Katoni Chini ya Injini

Mwenye nyumba nilikopanga chumba alikuwa dereva wa gari la porini, na mtaa mzima ulimwita Tope. Kwa miaka kumi na tisa aliwapeleka wapima ardhi kusikokuwa na barabara. Sasa gari lilisimama uani likivuja oili, na wapima walishamwambia wazi: Jumapili tunakuja kulikagua, tukiona tone, Jumatatu tunaondoka na dereva mwingine.

Nimesikia magari yakitukanwa kwa lugha sita. Tope hakutukana. Alishusha giaboksi peke yake, akiikumbatia kama mgonjwa anayehamishwa kitanda, akang'oa sili ya nyuma ya injini, ule mpira unaozuia oili pale shafti inapotokea. Kisha akanishika kidole, akapitisha ukucha wangu kwenye chuma cha shafti.

"Unasikia mfereji?"

"Nausikia."

"Basi mpira hauna kosa, ndugu yangu. Chuma kimelika."

Hata hivyo alifunga sili mpya, akaisukuma ndani kidogo kuliko ya zamani, huenda ikapata pasipolika. Jumamosi jioni, gari likiwa limefungwa tena, injini ilinguruma nusu saa. Akazima, akatandika katoni ya biskuti chini yake.

"Kesho itasema."

"Katoni unaisikiliza," mkewe alisema kutoka jikoni. "Mimi nikisema, una nta masikioni."

"Wewe huvuji, mama watoto."

"Ngoja nizeeke."

Asubuhi nilimkuta Tope amechuchumaa. Katoni ilikuwa kavu kabisa. Mkewe alisimama mlangoni na birika mkononi.

"Si unaona? Imekubali. Wageni wakija, waonyeshe hiyo hiyo."

Tope aliigeuza. Ilikuwa katoni ya sabuni, si ile ya biskuti aliyoitandika jana. Alipitisha kidole chini ya giaboksi, kikatoka cheusi, akakipangusa kwenye suruali upande ambao mkewe haoni.

"Imekubali," alisema. "Nitilie chai."

Alikunywa yote, akaisifu. Kisha akaja na simu nyuma ya nyumba, nilikokuwa nikifua.

"Mzee, msisumbuke kuja," alimwambia mkuu wa wapima. "Tafuteni mwingine. Hapana, mimi ni mzima. Ila sitaki gari liwafie watu wako porini kilomita mia kutoka kwenye kisima." Akasikiliza. "Haya. Wasalimie vijana."

Alikaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa mpaka nikamaliza kufua. Tuliporudi ndani, begi lake la safari lilikuwa wazi kitandani, na mkewe anakunja nguo.

"Blanketi moja au mawili?"

"Mawili," Tope alijibu.