Boriti Kati ya Chuo na Wodi

Siku mama alipofariki, mwanangu, nilikuwa juu ya jukwaa hapa Voi, nikimwaga zege. Nilikuwa kijana bado. Tulikuwa tunajenga chuo cha udaktari cha umma pamoja na hospitali yake, na asubuhi hiyo tulikuwa kwenye boriti ndefu inayobeba njia ya kutoka madarasani kwenda wodi, mahali ambapo wagonjwa wangepitishwa wakiwa vitandani.

Mjomba alikuja kutoka Mghange, kijijini kwetu milimani, kunipasha habari. Alisimama chini, kofia mkononi, nami nikajua kabla hajasema.

Unatujua sisi watu wa milimani. Msiba ukitangazwa, kazi inalazwa. Wenzangu karibu wote walikuwa wa huko juu, basi wakaweka makoleo chini, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa. Mashine ya kuchanganya zege ikazimwa. Boriti ilikuwa imefika katikati.

Injinia wetu, binti aitwaye Wakesho, akapanda haraka. "Poleni sana," akasema. "Lakini hapa hapaachiki. Zege hili likikauka, la kesho halitashikana nalo vizuri. Mchoro unaruhusu tusimame kule tu, ng'ambo ya ile nguzo."

"Mchoro haujafiwa," mjomba akajibu kutoka chini.

Machozi yalimlengalenga Wakesho, ila hakushuka. Jua lilikuwa kali na zege lilianza kukakamaa kingoni. Wenzangu wakanitazama. Hakuna ambaye angethubutu kushika koleo mbele ya mfiwa; ruhusa ilikuwa yangu mimi. Na nyumbani kaburi lilinisubiri, kwa kuwa kwetu kifungua mimba ndiye anayeonyesha mahali pa kuchimba.

Msimamizi wetu, Mzee Mwamburi, akanisogelea, akanikemea kwa sauti ya chini. "Acha kutazama viatu vyako, kijana. Mama yako hatakuuliza umefika saa ngapi. Atakayesukumwa hapa kwa kitanda naye ni mama wa mtu. Sema neno, watu wanakungoja."

"Washeni mashine," nikasema. Nikashika koleo langu.

Mjomba alinung'unika kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, maneno ambayo sitakuandikia. Kisha akavua viatu, akakunja suruali, akashika ngazi.

"Mjomba, hayo magoti yatafika juu kweli?" akauliza mmoja wetu.

"Nyamaza wewe, nipe ndoo."

Tulivuka ile nguzo jua likiwa limeinama. Nilifika Mghange na simiti imenikauka mikononi. Shangazi hakunisalimia, na hadi leo hajanisamehe kabisa. Simlaumu. Nilionyesha mahali, tukachimba.

Sasa wewe unaanza kazi ya ujenzi. Siku moja utaitwa na jambo la haki kabisa, na kuondoka kutaonekana heshima machoni pa kila mtu. Kabla hujaweka koleo chini, jiulize ni nani atakayepita juu ya unachokiacha. Mweleze wazi anayekuita. Fika pale panaporuhusiwa kusimama, kisha nenda ukalie. Watu watakulaumu, na huenda lawama isiishe, yangu haijaisha.

Mungu akulinde huko juu ya majukwaa, akupe wenzako wa kukupokea ndoo. Na kila jioni ukirudi, akukutanishe na mama yako akiwa mzima.