Nusu Kidonge

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikawa mgawaji wa kila kitu nyumbani. Ugali, kipande cha sabuni, vyote niligawana sawa na mdogo wangu wa kike.

Nilipokaribia miaka arobaini hedhi yangu ilikoma, na hospitali hapa Songea wakanipa vidonge vya homoni vya kulinda mifupa. Mdogo wangu naye yake ilikuja kukoma mapema, ila hakwenda kupima. Nikawa nakata kila kidonge kwa wembe, nusu yangu, nusu yake. Tulifanya hivyo miaka mingi.

Mwaka huu niliteleza kwenye tuta la mahindi kule Mpitimbi, nyonga ikavunjika. Daktari alipouliza kuhusu dawa, nilimweleza jinsi tulivyogawana, tena kwa fahari kidogo.

"Mama, nusu haikumtosha yeyote," alisema. Akanieleza kwamba ndani ya uboho kuna mishipa midogo ya damu inayolisha mfupa, nayo hupungua kadiri tunavyozeeka. Dozi kamili huenda ingeilinda kwa muda. Kuanza dozi kamili sasa, kwa umri wangu, hatari yake ni kubwa kuliko faida.

Baadaye mdogo wangu aliingia wodini na chupa ya uji. Mgongo wake umeanza kupinda.

"Dada, wamesemaje?"

"Tupumzike."

"Tupumzike! Nani atapalilia, wao?"

Akacheka, akainama na mgongo wake ule aniinue nikae. Nikamwambia asiniguse, amwite nesi. Hakuelewa kwa nini, nami sikumwambia.