Shingo ya Kuku wa Ijumaa

Kwetu kuku ana wenyewe. Filigisi ni ya baba, paja la mgeni, shingo ya kitinda mimba. Mume wangu amefariki, wageni wamekatika, lakini shingo niliendelea kuiweka kando kila Ijumaa katika bakuli la bluu, na Jumamosi nampa paka. Kitinda mimba wangu yuko Ujerumani. Anasomea mifupa.

Ingekuwa mifupa ya watu ningeelewa. Ni ya mijusi wakubwa wa kale, wenye shingo za kuweza kuchungulia dirisha letu la ghorofa ya juu. Ilichimbwa Lindi enzi za Mdachi, ikapakiwa melini ikaenda zake. Walianza na mifupa, sasa wana mwanangu, na mimi nimebaki hapa nyuma ya mtaa wa Mlandege na nyumba nzima, nikibishana na redio. Upweke ninao, wala sioni haya kuusema.

Ijumaa moja alinipigia simu. Nikamchokoza: hao mijusi wake, shingo ndefu vile waliinuaje? Akacheka, akasema ndiyo kazi yake hiyo. Mifupa ya shingo na mgongo ilikuwa na matundu, na ndani yake vyumba vidogo vidogo vya hewa iliyotoka mapafuni. Ndiyo maana ikawa myepesi.

"Huamini, mama? Hata kuku anavyo. Nnajua bado unaniwekea shingo yangu. Safari hii usimpe paka. Ichemshe mpaka nyama iachie, uvunje mfupa mmoja, utazame."

Nikachemsha, nikasugua mifupa kwa mswaki mkuukuu, nikaianika dirishani. Kesho yake nikaona ubavuni kitundu cha kupita ncha ya sindano. Nikavunja mfupa kwa mchi wa kutwangia thomu. Ndani mlikuwa na vijumba vitupu, kuta zake nyembamba kama ganda la kitunguu. Miaka yote napika kuku, sijapata kuviona! Nikapiga kelele jikoni, na hakuna wa kumwonyesha. Nikampigia.

"Nshaviona!"

"Kweli, mama? Umeviona?"

Alifurahi kama mtoto. Tulizungumza mpaka adhana ya alasiri, jambo ambalo hatujalifanya tangu aondoke. Furaha ikanipanda kichwani, nikauliza nililokuwa nikilimeza siku zote.

"Na wewe unarudi lini? Chumba chako nshakipaka chokaa."



"Mama, wamenipa kazi ya kudumu. Nlikuwa natafuta siku ya kukwambia."

Nikamwambia hongera, Mungu akuzidishie. Niliomba kwa moyo, na moyo huohuo ukauma. Nilipokata simu nikakaa nikiitazama ile mifupa. Vyumba vitupu viliwasaidia wale mijusi kubeba shingo. Vyangu vinanielemea.

Ijumaa iliyofuata nilipika kuku kama kawaida. Bakuli la bluu nikaliacha kabatini, na shingo nikaila mwenyewe, paka ananikodolea macho.