Mahindi Nyuma ya AC

Mvua imetushika Eldoret katikati ya mavuno, lakini Jumanne, ndani ya ofisi moja iliyofungwa madirisha, sisi wa foleni tulikuwa tunajipepea. AC ilikuwa imekataa kazi.

Fundi akatoka kuangalia ile mashine ya nje inayotupa joto, akarudi na kiganja kimejaa makapi. "Bosi, imeziba. Kuna mtu anaanika mahindi mbele yake."

Tukamgeukia soja, mlinzi wa mlangoni. Soja akamgeukia bosi. Bosi akakohoa. "Wewe safisha, lakini mahindi usiguse. Bado hayajakauka."

Nilifungua mdomo nimkemee, lakini mama aliyekuwa mbele yangu akaniwahi. "Na mimi naweza leta yangu?"

Foleni mpya ikaanza papo hapo. Mimi, mtetezi wenu wa haki, nikawa wa pili.