Yah: Uchovu wa Mikono

Fanueli aliingia ofisini kwangu mara ya kwanza Januari 2003, ameshika kipande cha gazeti alichokikunja mara nne. Nasema ofisi, lakini kilikuwa chumba kimoja karibu na stendi ya Lushoto, chenye kompyuta moja iliyopiga simu kwanza, ikalia na kukoroma, ndipo intaneti ikubali. Nilikifungua baada ya serikali kunipunguza kazi, nikiwa nimepiga chapa barua za wakubwa kwa miaka kumi na tisa. Siku zile kila mtu aliambiwa ajitegemee, nami nikajitegemea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Nilimfahamu. Nani hakumfahamu? Alikuwa dereva wa lori la mboga, mwenyeji wa Gare, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, anayepiga honi kila kona hata barabara ikiwa nyeupe. Siku za gulio akina mama waligombania kupanda lori lake, juu ya matenga ya kabichi, na walisema kwa Fanueli unaweza kusinzia mpaka Mombo.

Kile kipande cha gazeti kilikuwa tangazo la mshauri nasaha wa Dar es Salaam, Bi Shamsa, aliyesaidia watu wenye wasiwasi na msongo wa mawazo kwa barua pepe. Fanueli alitaka nimwandikie mimi, maana kompyuta hakuijua, na hakutaka mkewe wala tajiri wa lori asikie habari hizo. Alifunga mlango mwenyewe. Kisha akasema, macho yake yakiwa kwenye mikono yake:

"Mwambie hivi. Kabla ya Krismasi, kwenye kona za kushukia Soni, ukungu ulinifunika, gurudumu la nyuma likatoka nje ya barabara. Nikalirudisha. Hakuna aliyejua, akina mama walikuwa wanaimba kule juu. Lakini tangu siku ile, nikifika kwenye kona, mikono inataka kuachia usukani. Mimi sitaki. Inataka yenyewe. Mwambie naogopa nitawaua watu."

Nikaweka vidole kwenye kibodi, nikaandika:

"Yah: Uchovu wa Mikono. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni dereva mwenye uzoefu wa miaka mingi. Hivi karibuni nimekuwa nikipata uchovu wa mikono niwapo kazini, hususan sehemu zenye kona. Naomba ushauri wako."

"Umeandika yote?" aliniuliza.

"Yote."

Msinicheke. Hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa. Mkubwa akifoka, "Mwambie huyo mjinga aache upuuzi," wewe unaandika, "Unashauriwa kuzingatia taratibu." Ukiandika alivyosema, kesho huna kazi. Na tena, faili nimezijua mimi. Karatasi inayosema dereva fulani ataua watu itazunguka, itafika kwa tajiri, itafika polisi, na mtu ana watoto watano. Nilijiona namsitiri, na moyoni nilijisifu.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Bi Shamsa aliandika kwa upole. Alimshauri aloweke mikono kwenye maji ya vuguvugu, afinyefinye kitambaa asubuhi na jioni, apumzike kati ya safari, apunguze chai ya rangi. Mwishoni aliuliza: unalala vizuri? Uchovu ukikujia, unawaza nini? Nilimsomea Fanueli, naye alisikiliza kama mtu aliye kanisani.

Akawa anakuja kila Jumanne. Alisema halali, akifumba macho anasikia akina mama wanaimba halafu wananyamaza wote kwa pamoja. Niliandika, "Usingizi wangu si wa kuridhisha." Alisema akikaribia kona analowa jasho mpaka kwenye soksi. Niliandika, "Hali ya hewa huchangia." Hilo la hewa lilikuwa uzushi wangu mtupu, sijui lilitoka wapi.

Mwezi Machi alikuja na peasi kwenye mfuko wa rambo, amechangamka kidogo.

"Dada Zakia, unajua kinachonisaidia? Si yale maji ya vuguvugu. Ni kwamba yule mama anajua kila kitu. Nimemweleza yote, na hajanikataza kuendesha. Angeona hatari angesema. Basi nikifika kwenye kona najiambia, mtaalamu anajua, we endesha."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Badala yake nilimmiminia chai. Niliona aibu, mimi mtu mzima anayeamkiwa naye, kumwambia nimemdanganya miezi miwili. Nikajiambia, si anapata nafuu? Mwache.

Kisha masika yakaingia, ukungu ukawa unashuka mpaka kwenye mabati ya soko. Jumanne ya pili ya Aprili alikaa kitini bila kuvua koti lililolowa.

"Mwambie, Jumamosi mkono wa kushoto ulitoka kwenye usukani. Niliuona umelala juu ya paja langu. Nikauita, haukuja. Nilikuwa na akina mama saba juu."

Niliandika, "Hali bado inaendelea." Nikabonyeza, ikaenda.

Alhamisi, siku ya gulio, nilifungua mapema. Jibu lilikuwepo.

"Ndugu Fanueli, nimezisoma upya barua zako zote. Zimeandikwa vizuri sana, lakini wewe sikuoni ndani yake. Tafadhali niandikie kama unavyoongea na mtu wako wa karibu. Mikono inachoka, au kuna kitu unakiogopa?"

Nilikaa nikiitazama barua ile. Kisha nikaandika kila alichoniambia tangu Januari, bila Yah, bila husika. Kumbe nilikuwa nayakumbuka maneno yake yote, neno kwa neno. Niliandika ukungu, gurudumu, akina mama wanaonyamaza, mkono juu ya paja. Niliandika kuua. Chini nikaweka: "Mimi ni Zakia, mpiga chapa wake. Yale ya mwanzo niliyatunga mimi."

Hazikupita dakika kumi.

"Asiendeshe tena mpaka nizungumze naye. Yuko wapi sasa hivi?"

Alikuwa hatua hamsini kutoka kwangu. Dirishani nililiona lori limejaa, injini inanguruma, mama wa mwisho anavutwa mkono kupanda juu ya matenga. Nilitoka mbio na ndala, kitambaa cha kichwa kikaanguka matopeni nikakiacha. Nilipanda ngazi ya mlango wa dereva, nikaufungua.

"Fanueli, zima gari."

"Bi Zakia, vipi tena!" mama mmoja alipiga kelele kutoka juu. "Tunachelewa!"

Fanueli alitabasamu. "Amejibu?"

"Amejibu. Anasema usiendeshe."

"Usiendeshe?" Tabasamu likabaki mdomoni bila kazi. "Lakini si anajua tangu Januari?"

"Hajui." Ilinibidi nipaze sauti kuishinda injini, na kule juu wakaanza kunyamaza. "Sikumwandikia, Fanueli. Uliposema mikono inataka kuachia usukani, mimi niliandika uchovu. Uliposema utawaua watu sikuandika kabisa. Amejua leo asubuhi."

Nilitaka anitukane. Nilimwomba Mungu anitukane. Yeye aliangalia kioo cha mbele, ambako hapakuwa na kitu zaidi ya ukungu.

"Zile kona zote," akasema, "kumbe nilikuwa napita peke yangu."

Niliingiza mkono nikazungusha ufunguo, injini ikafa. Nikawasikia akina mama wakishuka mmoja mmoja, taratibu, hakuna aliyeuliza tena habari za kuchelewa. Fanueli hakusogea. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni na asubuhi ile ilikuwa ya baridi kali.

"Dada, nisaidie," alisema. "Haitoki."

Mikono yake ilikuwa imeukamata usukani, vifundo vyote vimekuwa vyeupe. Nikavibandua vidole kimoja kimoja, nikianza na kile kidogo cha kushoto.