Mwenyekiti wa Pango

Muturi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kimulot, alikuwa mtu wa namba mbili tangu utotoni. Darasani alishika namba mbili. Kanisani alikuwa makamu wa mwenyekiti, na makamu hana kazi ila kumngojea mwenyekiti augue. Hata mkewe, Wacuka, alikuwa amewahi kuchumbiwa na mwingine, na hakuona sababu ya kumficha Muturi jambo hilo.

Ndiyo maana alilipenda pango la kilimani pale kijijini. Zamani wafugaji walijikinga mvua humo pamoja na mbuzi wao. Kisha kilima kikaporomoka, mlango ukafukiwa, na vijana wa siku hizi wanalijua kwa kusimuliwa tu. Muturi aliapa kwamba atakayeingia wa kwanza tangu siku hiyo ni yeye. Mbuzi hakuwahesabu.

Sasa, watu wa huku hawashiki jembe kabla ya kuchagua viongozi. Chama cha kufufua pango kikapata mwenyekiti, yaani Muturi, na makamu, katibu, mweka hazina na mlezi. Waliokosa vyeo ndio waliochimba, na walikuwa wachache. Hakuna aliyewahi kutia kichwa ndani ya pango lolote. Walikuwa wametazama video. Walivaa helmeti za bodaboda, na mgongoni mwa fulana ya Muturi paliandikwa cheo chake, asije mtu akamsahau.

Siku ya kuchimba ndiyo iliyowashinda. Owino, karani wa kiwanda cha chai, ni Msabato. Jumamosi hagusi jembe. Muturi naye hakosi ibada ya Jumapili, kwa sababu huenda mwenyekiti akaugua. Basi wakagawana: kundi la Muturi Jumamosi, kundi la Owino Jumapili. Wakawa hawaonani kabisa. Walitumiana picha kwa simu na kupongezana, jambo ambalo walilifanya kwa bidii kuliko kuchimba.

Mwaka ukapita. Udongo ulitolewa, shimo halikuongezeka. Muturi alilaumu mvua. Owino alilaumu fuko. Katibu alipendekeza watoe sadaka ya mbegu ili waombewe.

Sikukuu ya taifa ilipoangukia katikati ya juma, makundi yote mawili yakakutana mlimani kwa mara ya kwanza. Wacuka alifunga duka akaja na birika la chai. Muturi akajaza toroli udongo, akaisukuma hadi kwenye shimo la pili lililokuwa kando, chini ya jiwe kubwa, akamwaga.

"Mwenyekiti, unafanya nini?" Owino akauliza.

"Natupa mchanga. Si hii ndio shimo mlituchimbia ya takataka?"

"Hiyo ndio mlango yetu. Ya takataka si ni hiyo yenu?"

Mwaka mzima watu wazima hawa, wengine wenye digrii, walikuwa wamechota udongo uleule na kuurudishiana. Wacuka alicheka hadi akaketi chini. Muturi alitamani ardhi immeze, lakini hata hilo lilihitaji shimo.

Kwa aibu, wakachimba pamoja chini ya jiwe, wenye vyeo na wasio na vyeo. Alasiri jembe la Owino likatoboa, na hewa baridi ikatoka.

"Haya, mwenyekiti, ingia," akasema Owino. "Ulisema ni wewe."

Muturi akapiga magoti, akachungulia. Giza tupu. Aliogopa, tena sana, na mara hii hakukuwa na mwenyekiti mwingine wa kutangulia. Akasimama, akajipangusa.

"Tuombe kwanza," akasema.

Akaomba mwenyewe. Aliombea serikali, kiwanda, majani chai, wagonjwa wote wa Mogogosiek, na alipowamaliza akaanza na wa Chepseon. Wacuka alikuwa ameishi na mtu huyu miaka mingi, akamsikiliza kidogo, akafumbua macho. Akakaza leso kiunoni.

Muturi aliposema amina, sauti ya mkewe ilitoka chini ya ardhi, tulivu kabisa.

"Baba Shirley, kuja. Huku ndani kuna mahali ya kusimama."

Hakuna aliyemtazama Muturi, na hilo lilimuuma kuliko kuchekwa. Akavua fulana ya uenyekiti isije ikachanika, akaikunja, akaiweka juu ya toroli. Kisha akalala kifudifudi kwenye tope, akaingia wa pili.