Tope la Barabara ya Jimbo

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Misungwi, lami tuliisikia tu kwa wasafiri. Njia kuu ilikuwa ile ya Jimbo la Ziwa, iliyotoka kwetu ikapita Usagara, Nyegezi, Butimba na Mkuyuni hadi Mwanza mjini. Kiangazi tulicheza rede katikati yake bila wasiwasi, maana vumbi la gari tuliliona mapema. Masika ilikuwa habari nyingine.

Masika moja kabla ya Uhuru, mama alishikwa na uchungu. Mkunga akamtazama, akasema, "Huyu apelekwe mjini, mimi simuwezi." Baba akasimamisha lori la ngozi za ng'ombe. Mama akakaa mbele na baba. Mimi na bibi tukapanda juu ya ngozi, zikinuka mpaka machozi yanatutoka. Kabla ya Usagara magurudumu yakazama kwenye tope jeusi la mbuga. Mama alikuwa akilia, na mimi sijawahi kuogopa vile.

Makundi mawili ya ngoma yalikuwa yakilima kwa nyimbo, Wagika upande huu wa barabara, Wagalu upande ule, mahasimu wanaoshindana hata kwa jembe. Walikuja mbio wote, lakini kushika kamba moja hawakutaka.

"Tuvute na Wagalu? Hao wasubiri kwanza!"

Bibi akafoka kutoka juu: "Basi Wagika vuteni mbele, Wagalu sukumeni nyuma! Tuone nani atachoka kwanza!"

Hapo ndipo mngeona kazi. Kila kundi na wimbo wake, na lori likang'oka kama jino bovu. Tuliwaacha wakibishana nani kalitoa.

Jioni ile, hospitalini mjini, mdogo wangu alizaliwa, mama akiwa mzima. Baba alikaa sakafuni akacheka, halafu akalia. Moyo wangu ulitua, jamani, hata leo nikikumbuka nashusha pumzi.

Baada ya Uhuru Jimbo likawa mikoa, na lami ilipokuja ikapita kwingine. Ile barabara siitamani hata kidogo. Nawatamani wale watu. Siku hizi ukikwama, vijana wanakupiga picha kwanza.

Juzi mdogo wangu huyo, sasa mzee wa mvi, alinipeleka mjini kwa gari lake, akinung'unikia kila tuta. Karibu na Usagara nikamwonyesha kijia cha mbuzi mbugani.

"Pale ndipo Wagalu walipokusukuma uje duniani."

"Na Wagika wakanivuta, dada."

Akapunguza mwendo, akakitazama. Hakulalamika tena mpaka Mkuyuni.